Je, Wajua? Ikulu ya Kalenga, fuvu la Mtwa na zeze la Wahehe

Je, wajua kwamba makao makuu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yako takriban kilomita 15 tu kutoka Iringa mjini? Ni Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kwenye barabara ile ile inayokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Magari ya watalii hupita hapo kila siku yakiwahi tembo, na mengi hayasimami. Nasi wenyeji tusijitoe: wapo watu wamezaliwa Iringa, wamesoma Iringa, wameoa Iringa, na Kalenga wameiona kwenye kitabu cha historia tu.

Je, wajua kwamba Kalenga na Zanzibar zilikuwa zikijenga majumba ya kifalme karibu wakati mmoja? Sultani Barghash alikamilisha Beit al-Ajaib mwaka 1883. Mkwawa alianza kuuzungushia mji wake ukuta wa mawe mwishoni mwa miaka hiyo ya 1880. Ngome hiyo ikaitwa Lipuli. Barghash alikuwa anajenga kwa fahari, na Mkwawa kwa vita, maana alikwishaona Wajerumani wanavyoingia kutoka pwani.

Lipuli ni jina ambalo wapenzi wa soka wanalijua bila kujua wanataja ikulu. Lipuli FC ya Iringa, Wanapaluhengo, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2019 na kufungwa na Azam bao 1-0.

Je, wajua kwamba kabla ya Mkwawa, ukuu wa Nyanda za Juu ulikuwa Usangu, katika Mkoa wa Mbeya wa leo? Watawala wa Wasangu waliitwa Merere, na makao yao yalikuwa Utengule Usangu, kwenye bonde ambalo leo ni la mpunga, Wilaya ya Mbarali. Munyigumba, baba yake Mkwawa, ndiye aliyewageuzia kibao Wasangu. Hatimaye Merere alihamia Usafwa na kujenga Utengule nyingine, karibu na Mbalizi, ndiyo maana hadi leo Mbeya ina Utengule mbili na mgeni huchanganyikiwa. Mwaka 1877 balozi mdogo wa Uingereza, James Frederic Elton, alifika kwa Merere akakuta mji umezingirwa na Wahehe, akajikuta yumo ndani ya vita isiyomhusu. Alitoka salama, lakini alifariki njiani huko Ugogo mwezi Desemba mwaka huo huo, na kitabu cha safari zake kikachapishwa mwaka 1879 yeye akiwa kaburini.

Jiji la Mbeya lenyewe, kwa wanaouliza ikulu yake ya kale iko wapi, halina. Lilianza mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa.

Je, wajua kwamba kambi ya jeshi ya Lugalo jijini Dar es Salaam imepewa jina la ushindi wa watu wa Iringa? Tarehe 17 Agosti 1891, kamanda Emil von Zelewski, ambaye Waafrika walimwita Nyundo, aliingiza jeshi lake kwenye kichaka cha Lugalo. Wahehe walikuwa wamejilaza wanasubiri ishara. Mapigano yalichukua muda mfupi sana. Nyundo aliuawa, Wajerumani wenzake wapatao 10 wakauawa, na askari wao zaidi ya 200. Wahehe wakaondoka na bunduki zinazokadiriwa kufika 300 pamoja na mizinga mitatu. Mnara ambao Wajerumani waliwajengea maiti wao bado upo pale, si mbali na barabara kuu. Ukipanda basi la Dar kwenda Mbeya, unapita karibu nao.

Je, wajua kwamba ikulu ya Kalenga ilianguka baada ya mapigano ya nyumba kwa nyumba? Ilikuwa tarehe 30 Oktoba 1894. Tom von Prince, ambaye askari walimwita Bwana Sakarani, aliweka mizinga juu ya mwinuko unaoutazama mji, akaupiga, kisha akaingiza askari ukutani. Ndani walikuta ghala za pembe za ndovu, baruti na silaha zilizotekwa Lugalo. Mkwawa alitoka, na kwa karibu miaka minne akawa anawasumbua kutoka porini. Wajerumani hawakutaka kuishi Kalenga. Mwaka 1896 walihamia kwenye mwinuko mwingine wakaanzisha Iringa mpya, ndiyo hii tunayopandia leo kutoka Ipogolo.

Mwezi Desemba mwaka huo wakamtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, wakidhani Wahehe watamfuata. Miezi miwili baadaye walimnyonga, wakimshutumu kwamba kwa siri anamsaidia kaka yake. Mtaa wa Kitanzini, katikati ya Iringa, umebaki na kumbukumbu ya vitanzi vya wakati huo. Watu hununua nyanya na vitunguu pale, na vijana wengi hawajawahi kusimuliwa chochote.

Wajua Mkwawa alitolewa dau kiasi gani? Rupia 5,000 kwa kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa na amechoka, alijipiga risasi huko Mlambalasi, magharibi ya Iringa, asishikwe akiwa hai. Mwili ulizikwa bila kichwa. Kaburi liko Mlambalasi hadi leo, na jirani yake kuna pango ambalo wanaakiolojia wamechimbua mifupa ya watu waliozikwa maelfu ya miaka kabla hata Wahehe hawajawa kabila.

Sasa hapa tutue kidogo, maana kisa cha fuvu ndicho kisa cha Kalenga.

Je, wajua kwamba fuvu la mtawala wa Iringa limeandikwa kwenye mkataba uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia? Fungua Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, Ibara ya 246. Ibara hiyo hiyo inayodai Wajerumani wairudishe Kurani ya Khalifa Othman inawataka pia walikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa Serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Mataifa makubwa yalikaa Ufaransa kugawana dunia, na katikati ya reli, meli na makaa ya mawe likaingia jina la mtu wa Kalenga. Miezi sita ikapita, Wajerumani wakasema hawalijui liliko. Ikapita miaka 30 na zaidi.

Aliyelipata ni Gavana Edward Twining, mwaka 1953, katika jumba la makumbusho la mji wa Bremen. Pale palikuwa na mafuvu yapatayo 2,000 yaliyokusanywa kutoka pande zote za dunia, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Soma tena hiyo namba. Watu 84 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepangwa kwenye rafu, kila mmoja na ukoo wake. Wataalamu walichukua vipimo vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, wakachagua mafuvu yanayofanana navyo, na katika hayo wakakuta moja lenye tundu la risasi. Wapo wanahistoria wanaouliza kama kweli ndilo. Wahehe walilipokea kuwa ndilo, na mimi naona neno la ukoo lina uzito wake mahali ambapo vipimo vimefika mwisho.

Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi Kalenga, mbele ya umati, kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi. Leo limo ndani ya kasha la kioo, katika chumba cha makumbusho kisicho kikubwa kuliko darasa. Ukiinama usawa wa kioo unaliona tundu. Pembeni kuna mikuki, ngao na bunduki. Hakuna zulia, hakuna taa za rangi. Nje, si mbali, wamelala Chifu Sapi na Chifu Adam Sapi.

Je, wajua kwamba huyu Adam Sapi ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu? Alishika kiti mwaka 1962, Bunge likikutania Ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam, akakaa hadi 1973, akarudi 1975 na kuendelea hadi 1994. Na mwaka 1963, yeye mwenyewe akiwa Spika, uchifu ulifutwa kisheria. Mjukuu wa Mkwawa aliongoza Bunge la nchi iliyofuta kiti cha babu yake, na hakuipigia nchi hiyo kelele. Nyanda za Juu zimeendelea kutoa maspika: Anne Makinda wa Njombe, wakati Njombe bado ni sehemu ya Mkoa wa Iringa, mwaka 2010, na Tulia Ackson wa Mbeya mwaka 2022.

Sasa muziki, kwa sababu ikulu bila muziki haijawahi kuwepo.

Je, wajua kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga ala ya qanun, na kwamba hapo ndipo taarabu ya Zanzibar huhesabia mwanzo wake? Muziki ule ulikuwa wa ndani ya jumba, wa wageni walioalikwa. Ulitoka mtaani kwa watu wa kawaida baadaye, hasa kwa sauti ya Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay kuanzia mwaka 1928.

Huku bara ukumbi ulikuwa uwanja. Ngoma ilipigwa nje, na mtawala aliisikia pamoja na mchunga ng'ombe. Ndiyo maana mgeni anayefika Kalenga akiuliza ukumbi wa muziki wa ikulu uko wapi anaoneshwa ardhi tupu. Ni jibu sahihi.

Je, wajua ligombo? Ni zeze la Wahehe, na msomaji wa chini ya miaka 30 aliyewahi kulishika anisalimie. Huchukuliwa ubao mzito, unachimbwa upande mmoja hadi unakuwa na tumbo kama sinia refu. Kwenye ncha mbili hukatwa meno. Kisha uzi mmoja, uleule, hupitishwa kutoka jino hili hadi lile, ukienda na kurudi, mpaka unapata nyuzi kadhaa kutoka kwenye uzi mmoja. Kibuyu hufungwa ili kukuza sauti. Mpigaji huimba taratibu huku akidonoa nyuzi, na sauti yake ni ya chini, ya kusikilizwa na watu waliokaa karibu. Ni jamaa wa nanga ya Wahaya na inanga ya Rwanda na Burundi, vyombo ambavyo huko viliheshimika barazani kwa watawala.

Mtafiti Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, na ligombo la Wahehe limo katika kazi zake. Rekodi hizo zinatunzwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Mtoto wa Kalenga akitaka kumsikia babu yake akipiga, anaanzia ng'ambo ya mto Limpopo.

Je, wajua kwamba hata tarumbeta za wakoloni ziligeuzwa ngoma? Kando ya Ziwa Nyasa watu walizitazama bendi za kijeshi, wakatengeneza vibuyu vya kupulizia vinavyotoa mlio kama wa tarumbeta, wakapanga safu na kucheza mganda. Rungwe na Kyela nako kuna ling'oma ya Wanyakyusa, ngoma kubwa za wanaume, na tangu mwaka 2016 Tukuyu imekuwa na tamasha la ngoma za asili la Tulia, ambapo vikundi kutoka mikoa mbalimbali hushindana uwanjani. Hilo ni jambo jema. Ling'oma imepata jukwaa, na ligombo linastahili lake.

Kwa anayetaka kwenda: kutoka Mbeya basi la asubuhi hukufikisha Iringa mchana, kupitia Igawa, Makambako na Mafinga. Lala mjini. Kesho yake anza na Makumbusho ya Boma, jengo la Wajerumani lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016, kisha shuka Kalenga, na ukiwa na usafiri wako endelea hadi Mlambalasi. Mlipe mwongoza wageni, muulize maswali, na watoto waende nao.

Na wewe msomaji wa Ifunda, Kilolo, Pawaga au Idodi: kama kwenu kuna mzee anayejua kupiga ligombo, usisubiri mtafiti kutoka nje. Simu yako inarekodi. Mrekodi wiki hii, andika jina la wimbo na la kijiji, mwombe ruhusa yake, na nakala moja ipeleke Boma.