Ada ya Chuo Kikuu na Thamani Yake Kusini mwa Maniema

Mzazi wa Kabambare auzaye mpunga, mawese au chembe za dhahabu ili mwanawe asome, iwe ni Kasongo, Kindu au Lubumbashi, ana haki ya kuuliza anunua nini kwa fedha hiyo. Zamani suala hili halikuwa na sura hii, kwani vyuo vikuu vitatu vya kwanza vya Kongo, Lovanium cha 1954, cha Lubumbashi cha 1955 na cha Kisangani cha 1963, ambavyo serikali iliviunganisha mwaka 1971 na kuvitenga tena 1981, viliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa mali ya dola. Lakini hazina ilipokauka, mzigo ukawaangukia wazazi, na minervali, yaani ada ya masomo, ikawa ndiyo ijalizayo mshahara hafifu wa mwalimu.

Kwa rai yangu, hapo ndipo penye ila iliyo kubwa kuliko ada yenyewe: pato la chuo hufuata idadi ya walioandikishwa, si kadiri ya ilimu waliyoipata, naye mwanafunzi, juu ya ada, hununua silabusi, yaani maandishi ya somo ya mwalimu, kwa kuwa vitabu ni adimu. (Wako walimu, wala si haba, wafundishao kwa ikhlasi katika dhiki hiyo hiyo.)

Basi thamani ya ada hiyo hutegemea fani. Muuguzi au agronomu ana wa kumhitaji hata vijijini, ilhali mwenye shahada ya sheria au uongozi hungojea nafasi za serikali zilizokwisha kujaa. Na huko Namoya, penye mgodi wa dhahabu ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, fundi wa umeme au wa mitambo huulizwa ajua kutengeneza nini kabla ya kuulizwa cheti.