Kabla ya taa ya vifaranga, kipimajoto

Mfugaji anayeanza hapa Gisenyi huenda moja kwa moja kwenye duka la vifaa vya umeme kuulizia ile balbu nyekundu ya wati 250. Ningemshika mkono nimpeleke kwanza kwenye vipimajoto. Mji wetu uko karibu mita 1,480 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linachoma, lakini saa tisa za usiku hewa inaweza kushuka hadi nyuzi 15 hivi. Kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unampunguzia kama nyuzi 3 kila wiki. Pengo hilo la karibu nyuzi 20 ndilo unalolilipia.

Tupige hesabu. Balbu ya wati 250 ikiwaka usiku na mchana inakula yuniti 6 kwa siku, yaani 126 kwa wiki tatu. Kwa viwango vya 2020, nyumba iliyokwisha kuvuka yuniti 50 za mwezi ililipa faranga 249 kwa kila yuniti kabla ya kodi, jumla 31,374. Weka bei iliyo kwenye risiti yako ya Cashpower ya leo; njia ya kuhesabu haibadiliki. Na kumbuka kwamba yuniti 15 za mwanzo wa mwezi zilikuwa faranga 89 tu. Taa hii inazimaliza kwa siku mbili na nusu, kabla hujapiga pasi hata shati moja.

Themostati inazima taa joto likitimia. Taa ikipumzika nusu ya muda, zile 31,374 zinakuwa 15,687, na mchana wa hapa unairuhusu ipumzike. Inayojulikana sana ni STC-1000, kisanduku cheusi chenye tarakimu nyekundu na waya wenye kihisi nchani. Soma maandishi ya ubavuni kabla ya kulipa: iko ya volti 220, na ziko za 12 na 24 zenye sura ile ile. Kuiunga mwachie fundi.

Kihisi kikae kimo cha mgongo wa kifaranga, ukingoni mwa duara la joto. Niliwahi kukifunga ukutani, juu kidogo. Kikasoma 33, taa ikazima, na huko chini vifaranga wamepandana kwenye kona, wanalia kwa sauti kali. Walio chini ya rundo hukosa hewa. Kwa kipimajoto cha kawaida, kile cha kidijitali chenye waya kinatosha na bei yake ni ndogo. Cha hospitali hakifai, kimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu. Cha bunduki kinapima uso wa kitu, hakipimi hewa.

Mbabula ya mkaa ni rahisi kununua, na umeme ukikatika haijali. Lakini joto lake hupanda na kushuka, inataka mtu wa kuamka usiku, na inatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hata mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usio na moshi, bado unaitoa. Siiingizi katika chumba kilichofungwa, na chumba wanacholala watu ndiyo kabisa.

Fedha inayookolewa kwa urahisi zaidi iko kwenye kuzuia joto lisitoke. Zungushia vifaranga boksi gumu, mwaga maranda sentimita 5 hadi 10, ziba upepo wa chini ya mlango lakini acha tundu juu la hewa. Balbu ining'inizwe kwa mnyororo, isitegemee waya wake, maana ikianguka kwenye maranda ni moto. Ukifuga 20 au 30 tu, anza na wati 100 uone kipimajoto kinasema nini alfajiri. Balbu za LED ziache, hazitoi joto la kutosha.

Na weka jerikani tayari. Umeme ukikatika usiku, ijaze maji ya moto, ikaze kifuniko, izungushie blanketi na kuilaza katikati ya duara. Vifaranga watajipanga ubavuni mwake wenyewe.