Matilda Smith na Ua la Milimani: Maisha na Kazi ya Mchoraji wa Mimea

Mtu asimamaye Mwembesongo, katika mji wa Morogoro, na kuelekeza uso wake kusini, huiona milima ya Uluguru imeinuka kama ukuta, na vilele vyake mara nyingi vimefunikwa na mawingu. Milima hiyo hupita meta 2,600 kwenda juu, na humo ndimo yatokamo maji ya mto Ruvu, yanywewayo hata Dar es Salaam. Katika misitu yake, juu ya miamba yenye unyevu na kivuli, huota mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya zambarau hafifu. Mwaka 1900 mmea huo uliandikwa katika vitabu vya elimu kwa jina la Saintpaulia goetzeana. Ndugu yake wa karibu, aliyetoka upande wa Tanga, amekuwa pambo la madirisha ya Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ua hilo la Tanga lilifahamika kwa wataalamu wengi wa dunia kwa njia ya picha kabla hawajaliona lenyewe. Mojawapo ya picha za mwanzo zenye sifa ilitolewa mwaka 1895, nayo ilichorwa na mwanamke wa Kiingereza aitwaye Matilda Smith. Hakuichora msituni, aliichora katika Bustani ya Kew, iliyo kando ya mto Thames mjini London. Maisha ya bibi huyu yanaonyesha vizuri kazi ya mchoraji wa mimea ni nini, ina nguvu gani, na mpaka wake uko wapi.

Kwanza hapana budi kueleza kazi yenyewe. Mchoraji wa mapambo hutafuta uzuri, naye ana ruhusa ya kuongeza jani au kupunguza ua ili picha yake ipendeze. Mchoraji wa mimea hana ruhusa hiyo. Kazi yake ni kuonyesha jani limeshikamana vipi na shina, manyoya yake yameelekea wapi, stameni ni ngapi, na tunda hupasuka kwa namna gani. Mbali na picha ya mmea mzima, huchora sehemu ndogo ndogo za ua zilizopasuliwa na kukuzwa mara kadhaa, maana aghalabu ni katika sehemu hizo mmea mmoja hutengwa na mwingine. Katika kamusi, maana ya neno hufafanuliwa kwa maneno, kisha hutolewa mfano wa matumizi ili msomaji alione neno likifanya kazi. Mchoro una daraja kama hiyo katika elimu ya mimea: maelezo ya mtaalamu hutaja sifa moja baada ya moja, na mchoro huzionyesha zote pamoja, kila moja mahali pake.

Matilda Smith alizaliwa Bombay, katika Bara Hindi, mwaka 1854, akapelekwa Uingereza angali mtoto mchanga. Alikuwa jamaa wa Joseph Dalton Hooker, mkuu wa Bustani ya Kew, ambaye pia alikuwa mhariri wa Curtis's Botanical Magazine, gazeti la picha za mimea lililoanzishwa mwaka 1787. Kwa zaidi ya miaka arubaini picha za gazeti hilo zilichorwa na Walter Hood Fitch, fundi aliyesifiwa kila mahali. Mwaka 1877 Fitch aligombana na Hooker juu ya ujira, akaacha kazi. Gazeti likabaki bila mkono wa kulitegemea. Hooker alimtazama yule binti wa jamaa yake, aliyependa kuchora lakini hakuwa na ujuzi mkubwa, akamfundisha mwenyewe. Picha yake ya kwanza ilitoka mwaka 1878.

Mwanzo wake haukuwa rahisi, kwa kuwa kila picha yake ilipimwa kwa picha za Fitch. Fitch alikuwa na mkono mwepesi na mistari ya ujasiri. Matilda Smith alikuwa na subira. Subira hiyo ndiyo iliyomfikisha mbali. Tangu mwaka 1887 alikuwa karibu mchoraji pekee wa gazeti, na mwaka 1898 alipewa cheo rasmi, akawa mtu wa kwanza kuwa mchoraji rasmi wa Bustani ya Kew. Kati ya mwaka 1878 na mwaka 1923 alilichorea gazeti picha zaidi ya 2,300, yaani karibu picha moja kila juma kwa miaka arubaini na mitano.

Ugumu wa kazi hiyo haukuwa wa macho na vidole tu. Mwaka 1889 ua kubwa la Sumatra, Amorphophallus titanum, lilichanua Kew kwa mara ya kwanza. Ua hilo hutoa harufu ya mzoga, nalo halidumu ila siku chache. Ilimpasa mchoraji akae karibu nalo kwa saa nyingi, maana lingenyauka kabla ya kumngoja mtu. Picha zake zilitolewa mwaka 1891.

Hata hivyo sifa yake kubwa ilitokana na mimea iliyokufa. Wasafiri waliokusanya mimea katika nchi za mbali waliibana baina ya karatasi, wakaikausha, wakaipeleka Ulaya kwa meli. Ilipofika ilikuwa bapa, imepoteza rangi, na pengine imevunjika au kuliwa na wadudu. Kwa kazi ya namna hii mchoraji hulichukua ua kavu, hulilainisha kwa maji ya moto, hulifungua polepole chini ya lenzi, kisha hulirudishia umbo lake kwenye karatasi. Matilda Smith alisifiwa hasa kwa ustadi huo. Kwa kitabu kiitwacho Icones Plantarum, ambacho sehemu kubwa ya picha zake zilitokana na mimea mikavu, alichora picha zipatazo 1,500. Hapo ndipo hatari ya kazi ilipo. Mchoraji asipokuwa mwaminifu, mahali palipovunjika atapaziba kwa dhana yake, na dhana hiyo itasomwa kama jambo la hakika na watu wasio na njia ya kuihakiki.

Ua la Tanga halikumfikia kwa njia hiyo, kwa kuwa desturi ya Botanical Magazine ilikuwa kuchora mimea iliyo hai. Mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona mmea huo mwanzoni mwa miaka ya 1890, akaupeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akauita Saintpaulia ionantha: neno la kwanza kwa heshima ya ukoo wa mgunduzi, na la pili likiwa na maana ya ua lifananalo na urujuani. Upesi mbegu zikauzwa na wafanya biashara wa maua. Miaka miwili tu baada ya kupewa jina, mmea ulitokea katika gazeti la Kew, picha namba 7408. Matilda Smith alichora. John Nugent Fitch, mpwa wa yule Fitch wa kwanza, akaihamisha picha kwenye jiwe la kupigia chapa. Kisha rangi zikatiwa kwa mkono, nakala baada ya nakala, na wafanyakazi ambao majina yao hayakuchapwa.

Ndugu wa Uluguru alipata njia nyingine. Mjerumani Walter Goetze alikusanya mimea katika milima hiyo mwaka 1898, akafariki mwaka uliofuata. Adolf Engler wa Berlin aliichunguza mimea mikavu iliyopelekwa, na mwaka 1900 akautia mmea huu jina la Goetze. Mimea mingi iliyotoka sehemu hizi wakati wa utawala wa Kijerumani iliwekwa katika hifadhi ya Berlin, na usiku wa tarehe 1 Machi 1943 hifadhi hiyo ilipigwa mabomu, ikateketea sehemu yake kubwa. Mmea mkavu uliokuwa ushahidi wa jina ukishaungua, mtaalamu hutafuta nakala iliyopelekwa kwingine, na asipoipata hutazama mchoro. Kanuni za kimataifa za kuipa mimea majina huruhusu mchoro wa zamani uteuliwe kuwa kielelezo cha jina. Hivyo karatasi iliyodhaniwa kuwa msaidizi tu huweza kuwa shahidi aliyebaki.

Majina nayo hubadilika. Mwaka 2015 wataalamu, baada ya kupima udugu wa mimea kwa chembe za urithi, waliiingiza jenasi ya Saintpaulia ndani ya jenasi ya Streptocarpus, na mmea wa Uluguru ukaitwa Streptocarpus goetzeanus. Jina la mtawala wa Tanga likaondoka mbele ya mmea baada ya miaka mia moja na ishirini na miwili. Picha namba 7408 haikuhitaji kusahihishwa. Aliyechora hakuchora rai ya Wendland juu ya udugu wa mmea. Alichora kilichokuwa mbele ya macho yake, na jambo hilo halikubadilika.

Pamoja na hayo, picha hiyo ina mpaka wake. Kwa desturi ya kazi hii, mmea husimama peke yake juu ya karatasi nyeupe. Mwamba haumo, wala kivuli cha miti, wala watu waliozijua njia za msituni. Majina ya wapagazi na waongozi wa wasafiri wale hayakuingia katika jina la mmea wowote kati ya hii miwili. Mchoraji aliyekaa Kew aliweza kuwa mwaminifu kwa ua, lakini hakuweza kuonyesha makao yake.

Hatua ya kuukaribia msitu ilichukuliwa baadaye. Joy Adamson, aliyezaliwa mwaka 1910 Troppau, mji ambao leo huitwa Opava katika nchi ya Cheki, alifika Kenya mwaka 1937. Mumewe wa wakati ule, Peter Bally, mtaalamu wa mimea wa makumbusho ya Nairobi, alimtia moyo achore maua, naye akayachora hukohuko yanakoota. Watu wengi humkumbuka kwa ajili ya simba Elsa, lakini mwaka 1947, kabla ya habari za simba huyo, Royal Horticultural Society ya Uingereza ilikwisha kumpa nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa picha zake za maua. Baadhi ya picha hizo zilitiwa katika kitabu cha miti ya Kenya cha I. R. Dale na P. J. Greenway, kilichotolewa mwaka 1961. Greenway huyo ndiye aliyetunga kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, iliyochapwa Dar es Salaam mwaka 1940. Hapo picha na jina la wenyeji vilianza kukaribiana.

Matilda Smith alistaafu mwaka 1921, na mwaka huohuo akachaguliwa kuwa mshirika wa Chama cha Linnaeus cha London, mwanamke wa pili kupata heshima hiyo. Alifariki mwaka 1926. Jenasi moja ya maua ya Meksiko na Amerika ya Kati iliitwa Smithiantha kwa heshima yake, nayo ni ya familia moja na ua la Tanga na la Uluguru.

Kazi kubwa ya kuandika mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kutolewa mwaka 1952, ilimalizika mwaka 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000 na michoro mingi ya wino. Misitu ya Uluguru, yenye mimea kadha wa kadha isiyoota kwingineko duniani, iliwekwa chini ya hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Lakini miteremko ya chini ilikwisha kufyekwa kwa mashamba tangu zamani. Mmea ukitoweka kabla ya kuchorwa ukiwa hai, hakuna subira ya Kew itakayoweza kuurudisha. Bustani ya Kew ilipata mchoraji wake kwa sababu mtu mmoja alikubali kumfundisha mwanagenzi asiyejua mengi. Morogoro ina milima, ina chuo kikuu cha kilimo, na ina vijana wenye macho na mikono. Kijana wa Mwembesongo akifundishwa kazi hii, ataweza kupanda asubuhi, akalichora ua juu ya mwamba wake, akamwuliza mzee wa kijiji jina lake, na kuliandika chini ya picha. Matilda Smith, pamoja na uhodari wake wote, hakupata nafasi hiyo.