Bridge: Kupatana na mwenzako ni ruhusa, kuficha mapatano ni wizi

Katika mchezo wa karata unaoitwa bridge, watu wawili wanaocheza upande mmoja wana haki ya kupatana mapema juu ya maana ya kila tangazo watakalotoa mezani. Lakini sheria inawadai jambo moja: wapinzani wao wawe na haki ya kuyajua mapatano hayo sawasawa kama wao. Ni kwenye sharti hilo ndipo wachezaji wenye majina makubwa wamejikwaa.

Bridge huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kwa karata 52. Aina inayochezwa leo ulimwenguni ilitengenezwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa kuna mnada. Kila mchezaji, kwa zamu yake, anatangaza upande wake utashinda mizunguko mingapi kati ya 13, na kwa turufu gani: pau, uru, kopa au shupaza, zile ambazo wengi hapa Kongo huziita kwa Kifaransa trèfle, carreau, cœur na pique. Anaweza pia kutangaza bila turufu. Hesabu inaanzia juu ya mizunguko 6, kwa hiyo anayesema “moja” anaahidi 7, na anayesema “tatu” anaahidi 9. Upande uliopanda juu zaidi ndio unaopata mkataba, na lazima uutimize.

Hesabu, kisha akili

Ugumu ni kwamba hakuna anayeona karata za mwenzake. Wachezaji wengi hupima karata zao kwa pointi: asi 4, mfalme 3, malkia 2, vale 1. Jumla ni pointi 40. Wenzi wenye pointi 25 kwa pamoja, mara nyingi wanaweza kushinda mizunguko 9 bila turufu.

Tuseme mmoja amefungua kwa “moja bila turufu”, na wamepatana kwamba tangazo hilo ni pointi 15 hadi 17. Mwenzake mwenye 10 anaruka moja kwa moja hadi “tatu bila turufu”. Mwenye 5 na karata za kawaida anapita. Mwenye 8 anasema “mbili bila turufu”, yaani: kama una 17 panda, kama una 15 baki. Aliye na 16 ndiye mwenye kazi. Hapo hesabu imekwisha, inabaki akili: je, ana karata tano za rangi moja? Mfalme wake anasindikizwa na 10 na 9, au amekaa peke yake na karata ndogo?

Kosa lina bei. Pale upande haumo katika zamu ya “hatari”, ambayo huongeza zawadi na adhabu, aliyetangaza “tatu bila turufu” na kushinda mizunguko 9 anapata alama 400. Aliyeishia “mbili” na kushinda mizunguko ileile 9 anapata 150 tu. Naye aliyetangaza “tatu” akaishia 8 anatozwa 50.

Tangazo lenye maana nyingine

Mapatano mengine humshangaza mgeni. Baada ya “moja bila turufu”, jibu la “mbili pau” kwa wengi halisemi lolote juu ya pau. Ni swali: je, una karata nne za kopa au za shupaza? Mtindo huo unaitwa Stayman, kwa jina la Mmarekani Samuel Stayman aliyeuchapisha mwaka 1945. Katika mtindo wa Blackwood, “nne bila turufu” ni njia ya kumuuliza mwenzako ana asi ngapi.

Yote hayo ni halali kwa sababu hayafichwi. Katika mashindano, wenzi huandika mapatano yao kwenye karatasi inayowekwa wazi kwa wapinzani. Mpinzani ana haki ya kuuliza maana ya tangazo, na ni lazima ajibiwe ukweli. Mchezaji anaweza hata kutangaza karata asizokuwa nazo ili kuwachanganya wapinzani, mradi mwenzake naye asiwe na sababu ya kulijua jambo hilo kuliko wao.

Vidole, miguu na kisanduku

Mwaka 1965 huko Buenos Aires, katika mashindano ya dunia ya Bermuda Bowl, Waingereza Terence Reese na Boris Schapiro walishutumiwa kwamba namna walivyoshika karata kwa vidole ilionyesha idadi ya kopa mikononi mwao. Shirikisho la dunia liliwatia hatiani. Tume iliyoongozwa na Sir John Foster mjini London ilisema mwaka 1966 kwamba hatia haikuthibitishwa. Ubishi haukuisha.

Mwaka 1975 mashindano hayo yalianza kutumia pazia la ubao mezani, ili mtu asimwone mwenzake usoni. Pazia halikufika chini, na mwaka huohuo Waitaliano wawili walikaripiwa kwa sababu ya miguu kusogezwa chini ya meza.

Mwaka 2015 Mnorwe Boye Brogeland aliwashutumu hadharani Waisraeli Lotan Fisher na Ron Schwartz, waliokuwa wenzake wa timu mwaka uliotangulia. Video zilionyesha kwamba mahali walipoweka kisanduku cha karata mezani palikuwa ni ishara. Israel iliondoa timu yake katika Bermuda Bowl ya mwaka huo huko Chennai, India, na mwaka 2016 shirikisho la Ulaya liliwafungia wachezaji hao.

Lakini majaribu hayawahusu mabingwa tu. Mchezaji akisita kwa muda mrefu kabla ya kupita, mwenzake ameshaelewa kwamba karata si mbaya. Sheria inamkataza mwenzake kuchagua tangazo ambalo kusita huko kumemwelekeza. Hakuna pazia wala kamera inayoweza kuona anachowaza wakati huo. Anabaki yeye na dhamiri yake, huku wapinzani wawili wakisubiri zamu.