Ukumbi wa Nkrumah: Jengo Lililofika Daudi kwa Noti ya Shilingi 500

Kwa miaka mingi, mkazi wa Kata ya Daudi wilayani Mbulu ambaye hajawahi kufika Mlimani, Dar es Salaam, alilibeba jengo la chuo kikuu mfukoni. Nyuma ya noti ya shilingi 500 palichapwa picha ya Ukumbi wa Nkrumah. Noti hiyo imeondolewa katika mzunguko. Muda wa kuibadilisha uliotolewa na Benki Kuu ya Tanzania ulikoma Aprili 5, 2025. Sarafu ya thamani hiyo, iliyotolewa mwaka 2014, ina nyati.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha Sheria, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Usanifu wa kampasi hiyo ulikabidhiwa kampuni ya Uingereza ya Norman and Dawbarn, ambayo pia ilisanifu kituo cha televisheni cha BBC jijini London. Ukumbi unaitwa kwa jina la Kwame Nkrumah, Rais wa kwanza wa Ghana.

Kinachoutambulisha ni paa lake la zege lililopinda. Ubora wake huonekana vyema ukilinganishwa na tembe la Wairaqw. Paa la tembe ni bapa, limefunikwa udongo mzito, hivyo ndani husimamishwa nguzo nyingi ili kuubeba mzigo huo. Paa lililopinda hupata nguvu kutokana na umbo lenyewe, kama karatasi laini inavyokakamaa ikikunjwa. Uzito husafiri kwenye mpindo hadi kwenye egemeo za pembeni, na sakafu hubaki wazi kwa mamia ya watu kuketi bila nguzo kuwazuia kumwona mzungumzaji.

Hata hivyo, tembe lina nafuu moja: nguzo ikiliwa na mchwa, mwenye nyumba huchomoa hiyo moja na kuweka nyingine. Zege jembamba halina nafuu hiyo. Ufa mdogo ukipitisha maji na hewa ya chumvi ya pwani, nondo hupata kutu, hutanuka na kulibandua zege kutoka ndani. Kwa kuwa paa zima hubeba mzigo kwa pamoja, kipande hakiwezi kukatwa na kubadilishwa kirahisi. Ndiyo maana kuziba nyufa mapema na kusafisha njia za maji ya mvua ni kazi ya kila mwaka, si ya kusubiri dari lianze kuvuja.