Nani Atalala Njiani?

Yule bata wa taulo unayemkuta kitandani ukiingia chumba cha hoteli, mimi ndiye niliyekuwa nikimkunja. Nimefanya kazi ya vyumba miaka mingi, kwanza huku kwetu Isiolo kwenye hoteli za mbugani, kisha Pwani, kwenye majumba ya likizo yanayouzwa kwa wiki. Nyumbani ni Gotu, kando ya Ewaso Nyiro, kwenye barabara ya kwenda Merti, na sasa nimerudi huko. Mgeni akifunguliwa mlango, macho yake hukimbilia bata, halafu dirisha, halafu bahari. Ni nadra sana kumwona mtu akisimama katikati ya sebule akahesabu milango. Na milango ndiyo yenye habari.

Naandika haya kwa sababu maneno ya majumba ya likizo yamefika hadi Gotu. Tangu tuambiwe Isiolo itajengewa mji wa mapumziko pale Kipsing, chini ya mradi wa miundombinu wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, neno "risoti" halitoki vinywani mwa watu. Vijana wetu walioko Nairobi nao hupigiwa simu: hongera, umeshinda zawadi, njoo na mkeo mnywe chai, mwonyeshwe nyumba ya likizo. Mpwa wangu alipigiwa, akaenda, akala samosa, akarudi na karatasi yenye picha. Jioni akanipigia. "Shangazi, hii studio ndiyo nini? Na hapa wameandika sita mkwaju nne. Ni bei?"

Si bei. Lakini tuanze na biashara yenyewe. Nyumba moja hugawanywa kwa wiki za mwaka. Wiki ni 52. Moja au mbili huachwa za kupaka rangi na kuziba mabomba, zilizobaki huuzwa, kila wiki na mwenyewe. Unalipa bei ya wiki yako mara moja, kisha kila mwaka unalipa ada ya matunzo, uende usiende. Mtindo huu ulianzia Ulaya miaka ya 1960, huko Uswisi na Ufaransa, ukavuka bahari na kushika kasi Marekani. Mwaka 1974 mtu na mkewe, Jon na Christel DeHaan, walianzisha kampuni ya RCI katika jimbo la Indiana ili wenye wiki waweze kubadilishana: wa Kilifi aende Hispania, wa Hispania aje Kilifi. Hapo ukubwa wa nyumba ukawa kitu cha kupimwa kwa makini, maana hakuna atakayekubali kukupa nyumba ya vyumba viwili kwa kachumba kako kamoja.

Studio ni chumba kimoja tu: kitanda, meza, na jiko la pembeni lenye friji ya kufika kiunoni, birika na pengine mikrowevu. Inayofuata ina chumba kimoja cha kulala kilichofungwa kwa mlango, na sebule yenye sofa ya kukunjua. Ya vyumba viwili mara nyingi huwa na bafu mbili na jiko kamili. Kuna za vyumba vitatu pia, ila hizo ni chache na bei yake inajieleza. Ili upate picha: chumba cha hoteli ya kawaida ni kama mita za mraba 25 au 30, na nyumba ya vyumba viwili kwenye miji ya likizo kama Orlando hufika 100 na kuendelea.

Sasa ile sita mkwaju nne. Namba ya kwanza inasema watu wangapi wanaweza kulala humo kwa jumla, sofa ikiwemo. Ya pili inasema wangapi wanaweza kulala kwa faragha, yaani mtu akaamka usiku akaenda msalani bila kupita mahali mwenzake alipolala. Kwa hiyo 6/4 ni nyumba ya watu wanne na wengine wawili walio njiani. Muuzaji atakutajia sita. Nne ataiacha karatasini.

Nitakuambia nilichokiona. Nyumba moja ya Pwani, 4/2, ilijaa familia: baba, mama, watoto wawili wakubwa, na nyanya yao aliyetoka bara kuja kuona bahari. Kwa karatasi walikuwa wamezidi mmoja tu, na mapokezi walifumba macho. Bafu ilikuwa moja, na mlango wake ulifungukia sebuleni, hatua mbili kutoka kwenye sofa. Sofa ikishakunjuliwa, ncha yake ilibaki kiasi cha kiganja kufika kwenye mlango wa bafu, kwa hiyo kila aliyekwenda msalani ilibidi apite kiubavu huku ameshika ukuta. Nyanya ndiye alipewa sofa, kwa heshima, kwa sababu godoro lake lilikuwa nene. Asubuhi ya pili nilipoingia na ndoo nilikuta shuka zake zimetandikwa verandani, juu ya mkeka wa kuotea jua. Nikamuuliza, "Nyanya, umelala nje na mbu hawa?" Akasema, "Binti yangu, usiku kucha mkwe wangu ananiruka. Kheri mbu."

Mkwe. Mwafrika yeyote anajua uzito wa neno hilo saa nane za usiku. Mchoraji wa ile nyumba bila shaka alimfikiria mtu, mkewe na vitoto viwili visivyojali. Na kama ndivyo familia yako ilivyo, 4/2 haina shida hata kidogo. Nimeona wengi wakifurahi humo. Ila sisi hatuendi likizo hivyo. Tunaenda na mama mzazi, na mtoto wa ndugu, na msichana wa kutusaidia, na hao ndio wanaoishia kwenye sofa.

Kwetu Gotu jambo hili la nani alale wapi huamuliwa na wanawake, kwa sababu wao ndio wajenzi. Nyumba ya Kiborana ya kuhamahama ni fito zilizopindwa na kufungwa, juu yake mikeka na ngozi. Ukiitazama kutoka nje utasema ni kuba tupu. Ndani ina mpango. Mgeni hukaribishwa upande wa mlango, moto uko mahali pake, na vitanda viko nyuma, vimekingwa. Majirani zetu Waturkana wana mpango wao: mwanamke hujenga akai ya kulala usiku na ekol ya kivuli cha kukaa mchana.

Akko, bibi yangu mzaa baba, alikuwa na namna yake ya kupima. Kabla ya ufito wa kwanza kuchimbiwa, alitulaza sisi watoto mchangani, pale pale ambapo kitanda kingekuwa. Kisha yeye akatembea kutoka alipokusudia kulala hadi alipokusudia mlango uwe, macho ameyafumba, kama mtu aliyeamka usiku. Akikanyaga mguu wa mtoto, mlango unahamishwa. Tulicheka sana, naye hakucheka. Nyumba ile haikufika mita za mraba 15, nadhani, na sikumbuki hata siku moja kurukwa na mtu.

Basi nilimwambia mpwa wangu: wakikupeleka kwenye nyumba ya mfano, usikae kwenye kiti walichokuandalia. Kunjua sofa. Mwambie mkeo alale juu yake. Kisha toka chumbani uende bafuni, halafu jikoni ukachukue maji, halafu verandani. Muuzaji atatabasamu akidhani mnacheza. Mwache.

Kuna aina moja ya mpangilio ambayo naisifu bila kusita, nayo ni ile inayogawanyika. Ni nyumba ya vyumba viwili iliyochorwa kama studio na nyumba ya chumba kimoja zilizoshikana ubavuni. Katikati pana milango miwili iliyogusana migongo, kila mmoja na komeo lake upande wake, na kila nusu ina mlango wake wa kutokea kwenye korido na bafu yake. Mama mkwe akiwepo, milango ya kati inaachwa wazi mchana na kufungwa usiku. Mwaka mkiwa wachache, mnalala nusu moja na nusu ya pili mnaipeleka kwenye kampuni ya kubadilishana, mkapata wiki mbili kwa bei ya moja. Sisi wa vyumba tulikuwa tunazichukia kidogo, kusema kweli, maana ni vitanda vya kutandika mara mbili na funguo za kupoteza mara mbili. Jihadhari tu na jambo moja: nusu ile ndogo mara nyingi haina jiko kamili, ina birika na friji basi, na sauti hupenya kwenye milango ile kama haikukazwa vizuri. Ikiwa nusu ya pili amelala mtu usiyemjua, utajua anakoroma kwa lugha gani.

Pwani yenyewe ina somo lake, na inashangaza kwamba majengo mapya hulipita. Nyumba za zamani za mawe za Lamu zina vyumba vyembamba virefu kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki upana wa mita mbili na nusu hivi, pengine karibu tatu. Mafundi hawakulalamika. Walipanga misana, yaani kumbi ndefu, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka kiwandani, yaani uani, kuelekea ndani, kila hatua faragha ikiongezeka, na mgeni wa mlangoni akaishia dakani, kwenye baraza la kuingilia, bila kuona chochote. Choo kiko ndani, kwa hiyo wa ndani hana haja ya kumpita mgeni. Chumba cha mita mbili na nusu kilichopangwa vizuri kinakalika kuliko sebule ya mita sita ambayo kila mlango wa nyumba unafungukia ndani yake.

Ukija huku kwetu, jua na mto ndivyo vinavyochora nyumba. Shaba, mbuga iliyo jirani na Gotu, ndipo alipokuwa mwandishi Joy Adamson akimlea chui wake Penny, na ndipo alipouawa tarehe 3 Januari 1980. Baadaye ilijengwa huko kambi ya mahema yenye jina lake, na kuna Sarova Shaba, ambapo maji ya chemchemi hupita katikati ya hoteli. Watu huomba chumba cha karibu kabisa na mto. Ni haki yao, mto ni mzuri, na mikoma ikipigwa na jua la jioni hata mimi niliyezaliwa hapo hunyamaza. Lakini Machi 2010 Ewaso Nyiro ulifurika ghafla na kubomoa hoteli na kambi kadhaa upande wa Samburu. Tangu hapo nikiona ramani ya vyumba hutafuta kwanza sakafu iko juu ya mto kiasi gani. Pili natafuta magharibi iko wapi. Veranda inayotazama magharibi huku Isiolo haikaliki kuanzia saa nane mchana, na chumba chake kitakuwa bado kina joto mnapolala. Tatu, komeo la dirisha, kwa ajili ya nyani. Hao hawasomi karatasi ya idadi ya watu.

Turudi kwenye pesa, kwa sababu mpwa wangu alitaka kujua anunue kubwa au ndogo. Ada ya matunzo hufuata ukubwa: ya vyumba viwili hulipiwa zaidi ya studio, kila mwaka, na hupanda. Mkataba unaweza kuwa wa miaka mingi sana. Leo ana mtoto mmoja anayenyonya. Baada ya miaka 12 atakuwa na vijana wasiotaka kulala chumba kimoja na wadogo zao. Baada ya 25 watakuwa yeye na mkewe tu, wakilipia vyumba vya watu walioondoka. Nyumba ya akko ilifunguliwa, ikapakiwa juu ya ngamia, na tulipofika tulikohamia ilijengwa kwa kipimo cha watu waliokuwepo siku hiyo. Wiki uliyonunua haifunguliki hivyo. Ndiyo maana mimi humwambia mtu mwenye familia changa, kama lazima anunue, achukue ile inayogawanyika. Na asiye na hakika akodishe kwanza nyumba ile ile mwaka mmoja kabla ya kuweka sahihi. Na kama ameshaweka, sheria yetu ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inaitaja biashara hii waziwazi na kumpa siku 10, tangu apate nakala ya mkataba, kuuvunja bila kueleza sababu. Anapaswa kuzihesabu, maana muuzaji anazihesabu.

Mpwa wangu hajanunua. Amesema atafikiri, na samosa zilikuwa nzuri.

Mimi kwa sasa nina ugomvi mwingine. Kikundi cha akina mama hapa Gotu kinataka kujenga mabanda matatu ya wageni, wale wanaokuja kuona maporomoko ya mto wetu na kurudi Isiolo jioni kwa kukosa pa kulala. Wameniomba niangalie mchoro. Mabanda mawili ni ya chumba kimoja, sina neno. La tatu ni la familia, na fundi ameweka mlango wa bafu sebuleni, eti bomba litakuwa fupi na saruji kidogo. Nimemwambia alale chini mchangani nipite juu yake nikiwa nimefumba macho. Amekataa, anasema yeye ni fundi wa mawe. Mwenyekiti wetu naye amesema saruji ikiletwa Jumatano, wote tutakwenda kulala pale chini, na yeye mwenyewe ndiye atakayetembea.