Wageni Waliofanywa Ndugu

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo nawasimulia habari za Waislamu waliohama kwao Makka mwaka 622, wengi wao wakiacha nyumba na mali nyuma.

Huko Makka walianza wakiwa wachache. Bibi Khadija ndiye wa kwanza kumwamini Mtume Muhammad (S.A.W.). Ali bin Abi Talib alikuwa bado mtoto, pengine rika lenu. Walikutana kwa siri nyumbani kwa Al-Arqam, karibu na kilima cha Safa. Wakuu wa kabila la Makureshi waliwatesa, hasa wasio na ukoo wa kuwakinga. Bilal, mtumwa mwenye asili ya Uhabeshi, alilazwa kwenye mchanga wa moto, jiwe kifuani, naye akazidi kutamka kwamba Mungu ni Mmoja.

Kaskazini, katika mji wa Yathrib, makabila ya Aus na Khazraj yalikuwa yamechoka kuuana. Mwaka 621 watu 12 kutoka huko walimpa Mtume ahadi yao pale Aqaba, karibu na Makka. Akawapa mwalimu, Mus'ab bin Umair, kijana aliyelelewa kwa raha na mavazi mazuri, akayaacha yote. Mwaka uliofuata walikuja zaidi ya 70, wakiwemo wanawake wawili, wakamkaribisha Mtume ahamie kwao. Mji huo wa Yathrib ndio uliokuja kuitwa Madina.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo ninapopapenda mno. Wenyeji waliitwa Ansari, yaani wasaidizi. Waliohama waliitwa Muhajirina. Mtume akawaunganisha wawili wawili, kila mgeni na mwenyeji wake, wawe ndugu. Mgeni Abdurrahman bin Auf alipewa mwenyeji Saad bin Rabii. Saad akasema yuko tayari kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda, akauza jibini na samli, akajitegemea. Mimi nawaheshimu wote wawili sawasawa: aliyefungua mkono, na aliyekataa kuwa mzigo.

Walijenga msikiti kwa matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti. Kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili. Walitaka kukitoa bure, Mtume akakataa ila kwa malipo. Wasio na makazi walilala kwenye kibaraza cha msikiti huohuo. Na aliyechaguliwa kuwaita watu kwenye sala ni Bilal, yuleyule wa mchanga wa moto.

Baada ya vita vya Badr kati ya Waislamu na Makureshi, mwaka 624, mateka waliojua kusoma lakini wasiokuwa na fidia waliambiwa wafundishe watoto 10 kila mmoja, kisha waende zao. Na miongoni mwa watoto waliopenda elimu alikuwepo Zaid bin Thabit, mvulana yatima wa Madina, aliyekuwa na miaka 11 hivi Mtume alipowasili. Alisoma kwa bidii, akawa mwandishi wa Mtume. Baada ya Mtume kufariki mwaka 632, Khalifa Abu Bakr alimkabidhi kijana huyo kazi ya kuikusanya Kurani.